Nusu ya Mshahara wa Joachim

Panda, Likasi, Jumanne

Mdogo wangu Joachim,

Pokea salamu zangu, na uniwie radhi kwa kunyamaza miezi tisa. Barua zako mbili zilinifikia. Sikuwa mgonjwa wala safarini. Natumaini mgongo wako unavumilia barabara ya Kolwezi, na kwamba mkeo Clotilde ameacha kukohoa. Sisi hapa Panda ni wazima. Mke wangu Viviane anakusalimu. Bado anawaambia wanawake wa kanisani kwamba shemeji yake ni rubani, ingawa anajua vizuri kwamba sasa unaendesha lori la madini.

Uliniuliza habari za kazi ya ndege kule Lubumbashi. Si nzuri. Mwanangu Jean-Luc alipokubali kurusha ndege kwa nusu ya mshahara wako, mkurugenzi wenu aliuweka mkataba wake mezani mbele ya marubani waliobaki, akawauliza ni nani kati yao mwenye tumbo kubwa kuliko la kijana huyu. Wengi walitia sahihi siku hiyohiyo. Kampuni jirani zilisikia, nazo zikapunguza. Kapteni Gaston, ambaye hakuwahi kufanya kazi kwenu, sasa anauza makaa kati ya safari na safari, na wenzake wanasema husinzia kabla ndege haijatulia angani.

Hapa mjini wanatucheka. Wachimbaji wa Kamatanda walimwona Jean-Luc akishuka kwenye teksi-basi na sare yake, wakampigia kelele: « Kapteni! Weye unabeba bantu mu mbingu, minye nabeba mifuko ya mawe, na bia ni minye njo nakulipia! » Alicheka nao. Bia walimlipia kweli.

Jana aliitwa ofisini. Mkurugenzi alimwambia kwamba amepata kijana aliye tayari kurusha ndege miezi sita bila malipo yoyote, mradi apate saa za kuruka za kulinda leseni yake. Jean-Luc naye akubali vivyo hivyo kabla ya Jumamosi, au arudishe sare. Kijana huyo ni Divin, mtoto wa jirani yetu Kitenge, aliyerudi mwaka huu na leseni yake. Kitenge alikuja kwangu mwezi uliopita, akaketi, akasema: « Muzee, andikia mutoto wangu barua sawa ile ya Jean-Luc. Lakini kwake, shusha bei zaidi. » Nilimwandikia. Sikuwa na sababu ya kumkatalia ambayo ningeweza kuitamka mbele ya Viviane.

Umesoma sawasawa: barua ya Jean-Luc niliiandika mimi.

Unakumbuka kwamba wewe na wenzako mlikuja nyumbani kwangu niwaandikie barua ya madai, kwa kuwa mlitaka Kifaransa ambacho mkurugenzi hangeweza kukicheka. Mliniambia yote: kwamba hakuna atakayekubali chini ya mshahara ule, na kwamba kampuni haikuwa na rubani mwingine wa kushika nafasi zenu. Mlikunywa chai, mkatia sahihi, mkaondoka. Jean-Luc alikuwa amekaa bure nyumbani mwaka wa pili, na leseni ya rubani asiyeruka hufa. Kesho yake niliandika barua nyingine, nikampa mkurugenzi rubani mmoja kwa nusu. Wewe ndiye uliyeongoza madai, kwa hiyo ni wewe uliyefukuzwa.

Si hilo tu. Jean-Luc aliponiuliza kama Baba mdogo anajua, nilimjibu kwamba ni wewe uliyemwombea kazi. Ndiyo sababu, siku uliyokwenda uwanjani kuchukua vitu vyako, alikujia na mikono miwili kukushukuru. Ulimtemea mate kwenye viatu mbele ya mafundi. Hadi leo anaamini kwamba alikukosea jambo asilolijua. Ameniomba mara tatu nikuulize ni jambo gani, nami nimemwambia kwamba wewe ni mtu wa hasira.

Mwaka mmoja wa masomo yake uliulipa wewe, sijasahau. Siombi msamaha, kwa kuwa siku ile ikirudi nitaandika tena. Lakini mwanangu kuruka bure sikubali. Kwa hiyo nakuagiza, mimi mkubwa wako, umpigie simu mara tu uisomapo barua hii, umwambie asitie sahihi. Wewe atakusikiliza, amengoja sauti yako miezi tisa. Mimi ataniuliza sababu, na sababu sitamweleza.

Barua hii inaletwa na dereva wa basi la asubuhi. Usimpe jibu la mdomo. Mpe Clotilde pole yangu, na watoto wasome kwa bidii. Jean-Luc akishaamua, nitakuandikia.

Yaya wako, kaka yako mkubwa,
Symphorien