Eddie Murungi, Aliyelikimbilia Lori Kwenye Theluji

Mwaka mzima umepita, Eddie, tangu lori likupige kwenye barabara ya barafu kaskazini kabisa mwa Norwe, saa nane mchana, ukiwa na tochi mkononi.

Ulikuwa na miaka arobaini na minane. Kwa miaka kumi na tisa ulipakia mizigo ya watu kwenye ndege pale Heathrow, London, na sanduku lililopasuka hukuliacha liende hivyo. Ulilifunga kwa utepe ulionunua mwenyewe, ukisema huenda mwenye nalo anakwenda kumzika mtu. Nyumbani Hounslow ulikunywa chai ukiwa umesimama. Jumapili ulipika mukimo wa viazi na mahindi wa kulisha mtaa mzima, na kila aliyeingia ulimwita mkubwa, hata mtoto.

Safari ile ya pikipiki mliipanga kwa miaka mitatu: wewe, Hitesh wa Harrow, mzaliwa wa Kisumu, na Cosmas, fundi wa pikipiki kutoka Mbeya. Mlifunga matairi yenye misumari ya chuma, mkashona glavu mbili mbili. Mkeo Zipporah hakuitaka safari hiyo. Asubuhi ya kuondoka alikuambia, "Eddie, baridi ya kule si ya kuchezea."

"Nitarudi na masikio yote mawili," ukamjibu.

Hakucheka. Aliingia ndani kabla hujawasha pikipiki, na jambo hilo limemtafuna mwaka mzima.

Siku ya tisa mlifika kwenye uwanda wa juu usio na mti hata mmoja. Mfanyakazi wa barabara aliwaambia msubiri gari la kusukuma theluji liwatangulie. Hamkusubiri. Haikupita nusu saa upepo ukawavamia. Upepo huo ulimng'oa Cosmas kwenye pikipiki ukambamiza chini, pikipiki ikamwangukia, mguu ukavunjika mahali pawili. Hitesh naye akapinduka, bega likateguka. Wewe ulirudi kwao ukitambaa, maana kusimama hakukuwezekana. Mlimvuta Cosmas akipiga mayowe, lakini mguu ulikuwa umebanwa, na Hitesh alikuwa na mkono mmoja tu wa kufanyia kazi.

Ndipo mkasikia lori. Theluji ilikuwa nzito kiasi kwamba hamkuona hata upande lilikotokea. Ulichukua tochi ukaukimbilia mlio. Dereva aliona mwanga, akakata usukani. Kichwa cha lori kiliwapita wenzako hatua mbili tu. Tela likayumba, likakufagia. Dereva yule alishuka, akapiga magoti kwenye theluji, akakushika mkono mpaka ulipokata roho. Hatumjui kwa sura, lakini tunamshukuru.

Eddie, lazima tukuambie yaliyotokea kwenye matanga yako. Hitesh alikuja mkono ukiwa umefungwa shingoni, amebeba helmeti yako iliyopasuka. Alisimama mbele yetu sote, akamwambia Zipporah, "Eddie alitaka tungoje. Mimi ndiye niliyemlazimisha."

Zipporah aliipokea ile helmeti, akampiga nayo usoni. Akampiga tena. Akampiga mara ya tatu, na damu ikamwagika zuliani. Hitesh hakuinua mkono wake mzima kujikinga. Ndugu yako Mwenda alimshika shemeji yake kwa nyuma, naye akamng'ata mpaka akaachilia. Kisha Zipporah, aliyefanya unesi miaka ishirini, alitazama lile jeraha akaenda kuleta sanduku la dawa. Alilisafisha, akalibana kwa plasta. Alipomaliza alisema, "Usirudi hapa."

Mwezi wa tano madaktari walimruhusu Cosmas kusafiri, akaja kwenu kwa magongo. Alipoambiwa ya Hitesh, alishangaa. "Shemeji, nani kasema hivyo? Hitesh ndiye aliyetaka tungoje. Eddie ndiye aliyesema twende. Sisi tulimfuata."

Kesho yake Zipporah alipanda treni hadi Harrow, akaingia duka la miwani la Hitesh palipokuwa na wateja, akamwuliza kwa nini alidanganya.

"Nilifikiri ni afadhali umchukie mtu aliye hai," Hitesh akasema. "Mimi ningevumilia. Yeye angejitetea vipi?"

Zipporah alirudi nyumbani, akachukua nyundo, akaingia bandani ilikokuwa pikipiki yako ya zamani. Alivunja taa, akavunja vioo, akalibonda tangi la mafuta mpaka likabonyea. Alikuwa akikutukana, Eddie, kwa sauti iliyowatoa majirani nje. Binti yenu Gakii, ambaye siku zote hutujibu kwa Kiingereza, alimngoja achoke. Kisha akaichukua nyundo kutoka mkononi mwake, naye akapiga. Walilia wote wawili pale sakafuni, wameshikana, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike.

Wiki kadhaa Zipporah hakutaka jina lako litajwe. Baadaye yeye mwenyewe ndiye aliyempigia Hitesh simu. Siku hizi Hitesh huja, ana kovu juu ya jicho la kushoto, nao huzungumza mambo ya kawaida: mvua, bega linalomsumbua, mitihani ya Gakii.

Tulipokaa sisi jamaa zako kuandika haya tulimwuliza Zipporah tumwekee neno gani.

"Andikeni kwamba nimemsamehe," akasema, "lakini sijamaliza kumgombeza."

Unakumbukwa na mkeo Zipporah, binti yako Gakii, ndugu yako Mwenda, dada yako Karimi, marafiki zako Hitesh na Cosmas, na wenzako wote wa kupakia mizigo.

Hatutakusahau kamwe, Eddie, hata siku zile tunapokukasirikia.