Thibitisha ya Nje

Suhail, acha unachofanya usome hii. Nimefanya jambo baya, wallahi.

Unaikumbuka ile skripti yangu ya kompyuta ya kusajili watu wa hija, niliyokuwa nikijisifu nayo? Fomu yenyewe ni ukurasa mdogo uliopachikwa ndani ya ukurasa mwengine. Kuna kitufe cha "Thibitisha" ndani na kuna chengine nje. Skripti ikajaza majina mle ndani, ikatoka, ndipo ikabofya. Ikabofya cha nje, ambacho kinafunga tangazo tu.

Watu tisa. Kwa kila mmoja ikaniandikia "imekamilika", na mimi nikaamini bila kuangalia. Nikawapigia simu wote kuwapa hongera.

Usajili umefungwa jana. Leo asubuhi nafungua orodha, hamna hata jina moja. Hata moja, Suhail.

Bado naikodolea macho, mara Bi Mwatum huyo mlangoni. Ni mmoja wa wale tisa. Katoka Pujini mpaka hapa Wete, anazunguka kuaga, si unajua wanavyofanya kabla ya safari.

Kanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mwanangu, nimekuja kukuomba radhi. Kama nimekukosea kwa kujua au kwa kutojua, nisamehe, nende kwa Mola wangu mweupe."

Nikafungua mdomo nimwambie. Wallahi nilifungua.

Yeye bado kanishika, ananingoja.

Nikamwambia, "Nimekusamehe, Bi Mwatum."