Tulipeleka Majembe Ng'ambo, Tukalala Ufukweni

Mama mshauri, shikamoo. Mimi ni mkulima wa Ringwani, wilaya ya Serengeti, nina miaka kumi na moja kwenye ndoa, na kuandika nimejifunza juzi tu katika kisomo cha watu wazima, kwa hiyo ukikuta makosa usinicheke, cheka hayo mengine yaliyomo humu. Jina langu naomba lifichwe kabisa.

Mwaka huu kijiji chetu cha ujamaa kilitakiwa kutoa mume na mke hodari wa kilimo waende kutembelea ushirika wa wakulima katika kisiwa kimoja cha Karibiani, mbali huko ng'ambo, tukachaguliwa sisi, tukasafiri na majembe yetu mawili mapya maana mwenyekiti wetu Mzee Waitara alisema mkulima haendi kwa mkulima mwenzake mikono mitupu, basi tukafika tukawekwa kwenye hoteli iliyo mchangani kabisa karibu na maji, tukaambiwa gari la kutupeleka mashambani linakuja kesho. Kesho yake tuliamka alfajiri tukakaa mlangoni na majembe mabegani, watalii wanatupiga picha, gari halikuja. Mama mmoja wa ofisi ya wenyeji, anayejua Kiswahili kidogo kwa kuwa alipata kufundisha Dodoma, akaja kuomba radhi, akasema kesho, na hiyo kesho akasema kesho tena. Siku ya tatu mume wangu, baba Mogesi, akavua viatu. Siku ya nne alikuwa amevaa kaptura ya maua. Tulikaa siku kumi na mbili, mama, hatukuona hata shina moja la muhindi.

Na mimi naungama kwamba nilifurahi. Chakula kilipangwa kwenye meza ndefu kila mtu ajipakulie, lakini sakafu yao inateleza kama ute wa bamia, nikaogopa kuvuka, ndipo baba Mogesi akaenda kunichukulia, akarudi na sahani mbili mikononi, moja yake na moja yangu, akaketi tukala meza moja. Siku ya pili akaniuliza, "Mama Mogesi, nikuongezee samaki?" Tangu anioe hajawahi kuniuliza neno kama hilo, nikalia pale pale, akadhani ni pilipili. Mchana tulilala kwenye viti virefu kivulini tukazungumza mambo ambayo hatukuwahi kuzungumza, hata habari za mtoto wetu aliyefariki.

Tuliporudi, kijiji kizima kikakusanyika. Mzee Waitara akasema, "Mura, kijana wetu, wewe umefika mbali kuliko mtu yeyote wa hapa. Haya, sema, huko wanalima vipi?" Mume wangu akatoka jasho, akatazama juu, akatazama chini, akasema huko mihogo wanaipanda kichwa chini, yale macho ya pingili yanaelekea ardhini, eti mizizi inashuka haraka. Watu wakapiga makofi! Bwana shamba wetu yuko masomoni, hakuna mtaalamu wa kupinga, na waliotaka kupinga wakaambiwa nyamazeni, hii imetoka ng'ambo. Sasa pingili za mbegu zimeshaletwa, ekari arobaini za shamba la kijiji zitapandwa hivyo hivyo kichwa chini, na mwaka jana njaa tuliiona kwa macho. Mimi nimepanda mihogo tangu utoto, najua tutavuna vijiti.

Nikimwambia asahihishe, anasema, "Unataka nichekwe na watoto?" Nikimkumbusha ya kule, anasema ya kule yameishia kule, anakwenda kula na wanaume wenzake. Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuna mkutano wa kijiji kabla ya Jumatatu ya kupanda, na Bhoke, kiongozi wetu wa akina mama, ameniambia, "Umekaa kimya mno tangu urudi, na wewe siku hiyo utasema." Nikisema kweli, namvua nguo mume wangu na yule baba Mogesi wa kule sitamwona tena. Nikinyamaza, wanangu watalala njaa. Nifanye nini?

Mwenye siri, Ringwani

JIBU

Mwenye siri, siri gani? Jina lako nimelificha kama ulivyoomba, lakini mume umemwita baba Mogesi, mwenyekiti umemtaja, Bhoke umemtaja, na majembe umeyapandisha ndege. Ringwani mko wangapi mliosafiri na majembe? Kwa hiyo jibu hili nimekutumia kwanza kwa posta, na gazetini litatoka baada ya mkutano wenu. Mwonyeshe mumeo. Achague kama watu watausikia ukweli kwake au watausoma hapa.

Pole kwa mtoto wako. Pole pia kwa kuishi miaka kumi na moja bila kuulizwa kama umeshiba. Lakini acha kujifanya mkosaji kwa kupumzika. Hamkumwibia mtu kitu, gari halikuja. Mlipoambiwa kesho, mlitaka mkalime mchanga? Kosa halikuwa kaptura. Kosa ni mihogo, na hapo wewe pia una lako, kwa sababu ulikaa pale ukasikia makofi ukatazama vidole vya miguu yako.

Mwambie mumeo, tena mchana, akiwa ameshiba, kwamba mtu akisema "tulikaa hotelini, gari halikuja, nikaona haya nikabuni" atachekwa mwezi mmoja. Akiacha ekari arobaini zipandwe kichwa chini, watu watamkumbuka kila wakiinua sufuria tupu. Kama anaogopa kusimama mbele ya wote, aende kwanza kwa Mzee Waitara, wawili tu, ampe shikamoo ndefu na aseme yote. Mzee atafoka, kisha atafurahi kwamba amejua kabla ya Jumatatu. Akikataa kwenda, nenda wewe. Usiniandikie tena kuuliza kama ni sawa. Wanao watakula nini, heshima ya baba yao?

Sasa mkutano. Bhoke amekupa nafasi na wewe unatetemeka kana kwamba hukujifunza kitu. Mihogo ya huko huijui, usiiseme. Sema ulichokiona. Waambie akina mama wote kwamba umemwona mwanamume wa Ringwani, mwenye akili zake timamu, akivuka ukumbi uliojaa watu na sahani mbili mkononi, akimuuliza mkewe kama amwongezee samaki, na hakuugua wala hakupungua urefu. Wataguna. Wanaume watauliza ni nani huyo. Usimtaje. Mtazame tu pale alipokaa, kisha keti, umwache baba Mogesi ajibu mwenyewe.

Mama Agustina