Namba Chini ya Betri

Tarehe 2 Februari

Kimya wangu,

Hujambo mwanangu? Bibi yako anaendeleaje, na ule mguu? Mimi mzima, ila mgongo unalalamika. Kiti cha kazini hakikutengenezewa mtu mrefu.

Boksi la Ijumaa ndilo hili: feni mbili, betri moja, na kibodi ya kompyuta ya yule karani. Rudisha skrubu zote. Safari iliyopita zilibaki mbili mezani ukaniambia eti ni za akiba.

Umeuliza kazini kwetu kukoje. Ni chumba cheupe kama yai, mafundi kumi na wawili, simu tunaziacha mlangoni. Kila fundi ana namba; yangu ni 31. Ukimaliza kompyuta unaandika namba yako na tarehe kwenye stika ndogo, unaibandika chini ya betri. Kosa likitokea, mwenyewe anajulikana. Naipenda desturi hii. Fundi asiyeacha alama ni kama mtu anayebisha hodi akakimbia.

Ila usisahau: niliposaini mkataba niliahidi kutofanya kazi hii nje ya kampuni. Chumba chetu cha mbele, unakotengenezea kompyuta, kibaki siri ya nyumbani. Kikisimama vizuri nitaacha kuajiriwa. Kwa sasa wakijua, wananifukuza siku hiyohiyo.

Shangazi yako


Tarehe 9 Februari

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Huku tu wazima. Bibi mguu umepungua kuvimba, mdomo haujapungua.

Wateja anawapokea yeye, kama ulivyotupangia. Juzi alikuja mwalimu wa hesabu na kompyuta inayozima ghafla. Nilikuwa nyuma ya pazia.

"Inaumwa nini?" Bibi akauliza.

"Inazima, mama."

"Inakula?"

"Inakula nini?"

"Umeme, baba! Wewe mwalimu wa nini?"

Niliuma kola ya shati nisicheke. Mwalimu akauliza fundi ni nani, Bibi akamjibu, "Wewe umefuata kazi au umefuata sura?" Shangazi, ni mwalimu wangu. Ananifundisha kila Jumatatu na hajui.

Betri ndiyo ilikuwa imekufa. Nimeweka ile uliyotuma, nimemaliza leo, skrubu zote zimerudi.

Kila mara unasema nikupigie simu badala ya kuandika. Siwezi. Simu ikilia tu, ulimi unakuwa mgeni mdomoni. Shule yetu inafundisha kwa lugha mbili, na mimi nimenyamaza kwa zote mbili. Huku kwenye karatasi ndiko ninakoongea.

Ile habari ya stika nimeipenda sana.

Mwanao,
Kimya


Tarehe 27 Aprili

Kimya wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa Bibi. Nisamehe kwa wiki hizi mbili bila boksi. Kuna jambo.

Imeletwa kompyuta yenye kioo kilichopasuka. Kwetu zinafika na msimbo tu, hatujui ni za nani wala zinatoka wapi. Msimamizi akaifungua mbele yangu. Betri si ya kwetu, na chini yake kuna stika: 31, tarehe 9 Februari. Kitabuni kompyuta hiyo haimo. Sijawahi kuigusa, mwanangu! Na mwandiko ni wangu kabisa, mpaka lile tatu langu lenye tumbo. Nilijitilia shaka, nikajiuliza kama kuna siku nilifanya kazi usingizini.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kazi ni safi. Waya zimelala, hakuna skrubu iliyokwaruzwa. Aliyeifanya ni fundi.

Msimamizi akaniuliza ni nani anayeujua mwandiko wangu. Nilimtaja jirani yangu wa meza, yule tunayemwita Miwani. Sote wawili tunaitaka nafasi ya mkuu wa kitengo. Ni nani mwingine angetaka kunichafua?

Niombee.

Shangazi yako


Tarehe 4 Mei

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Pole sana. Sisi wazima. Mitihani imeanza. Bibi anakusalimu, anasema ule. Mvua imeingia kidogo chumba cha mbele lakini haikufika mezani.

Sina mengi.

Mwanao,
Kimya


Tarehe 18 Mei

Kimya wangu,

Hamjambo? Barua yako ilikuwa fupi kuliko orodha ya sokoni. Au unaumwa?

Miwani amesimamishwa kazi. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Dada, tumekaa meza moja miaka minne," akachukua kikombe chake akaenda. Nimekaimu ukuu wa kitengo. Watu wananipongeza na mimi naitikia, lakini nikigeuka naiona ile alama ya mviringo mezani, pale kilipokaa kikombe.

Mwisho wa mwezi wanaamua juu yake. Anyway, kama alifanya, alifanya.

Shangazi yako


Tarehe 20 Mei

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Leo sikuulizi habari za afya, maana nikianza na afya nitamalizia na afya.

Ni mimi.

Hiyo kompyuta ni ya mwalimu wa hesabu. Stika niliiandika mimi, siku ileile niliyokuandikia kwamba nimeipenda habari ya stika. Mwandiko wako naujua kwa sababu barua zako nimezisoma mpaka zimechanika kwenye mikunjo. Lile tatu lenye tumbo nililifanyia mazoezi nyuma ya daftari.

Sikutaka kukuchafua. Niliona kazi ni yako, mimi nimekuazima mikono tu. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Ya chini yake ni hii: ulisema fundi aache alama, nikaishika kalamu niandike jina langu, nikashindwa. Niliogopa mwalimu atalisoma. Namba 31 haimwogopi mtu. Nikajificha nyuma yake kama ninavyojificha nyuma ya pazia.

Ulipoandika kwamba aliyeifanya ni fundi, nilifurahi, Shangazi. Huo ndio ukweli wangu mbaya kuliko yote. Kwa muda kidogo nilifurahi, ndipo nikasoma mstari wa Miwani.

Nilinyamaza kwa sababu nilipiga hesabu zangu: nikisema, unapoteza kazi wewe, nisiposema, anapoteza yeye, na yeye simjui. Sasa umeniandikia habari za kikombe, na sasa namjua.

Ziko nyingine kumi zenye namba yako. Yoyote inaweza kuletwa kwenu.

Waambie nimeiiba namba. Waambie una mtoto wa kaka asiye na adabu, alifungua kibanda nyumbani bila wewe kujua. Nitakubali chochote utakachosema.

Mwanao,
Kimya


Tarehe 10 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Ijumaa tatu, hakuna boksi. Bibi anakupigia, simu inaita tu mpaka inakata. Ananiuliza, "Mmegombana?" Namwambia hapana. Ananitazama kama anavyomtazama mteja anayedai kompyuta imeanguka yenyewe.

Andika hata neno moja. Hata tusi.

Mwanao,
Kimya


Tarehe 22 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Boksi limefika leo, zito. Nililipasua kwa haraka nikitafuta barua yako. Haikuwemo. Kulikuwa na bisibisi zako zote, koleo lako lenye mpini mwekundu, kandambili zako za kazini, na bunda la stika tupu. Chini kabisa kulikuwa na karatasi yenye mwandiko nisioujua. Nainakili hapa, kwa kuwa sijui kama unajua aliandika:

"Kwa mtoto wa yule ninayemwita Dada. Mtu akiondoka hapa haruhusiwi kurudi mezani kwake; jirani ndiye anayemfungashia. Shangazi yako alikwenda kwa msimamizi mwenyewe, bila kuitwa. Alisema chumba ni chake, biashara ni yake, na kwamba mtoto alifanya alichofundishwa. Nimerudishwa kazini. Bado sijamsamehe vizuri, lakini vifaa havina kosa. Bisibisi ndogo nyeusi si yake, ni yangu. Nakupa. Niliiona ile kazi yako."

Chini yake ameandika namba yake, 28, na tarehe.

Nilikupa uongo wa kusema, hukuutumia.

Nimekaa mezani mchana kutwa. Palikuwa na kompyuta ya karani, iliyorudi tena, imebaki kufungwa tu. Nikachukua stika moja nikaandika jina langu, la kwanza mpaka la ukoo, kwa mwandiko wangu. Mwandiko wangu ni mbaya, Shangazi, umelala kama majani yaliyokanyagwa. Nikaibandika chini ya betri.

Karani alipokuja, Bibi alikuwa bafuni. Alibisha hodi mara tatu. Nikatoka. Akauliza, "Fundi yupo?" Nikasema, "Ndiyo mimi." Nilisema kwa sauti ndogo, akaniambia nirudie, nikarudia.

Sijui unaishi vipi huko sasa, wala kama barua hii utaifungua. Kwa hiyo Jumapili, saa nne asubuhi, nitapiga simu. Bibi hatashika, nitashika mimi. Huenda nikakwama mwanzoni, na wewe utasikia pumzi tu. Usikate. Nitakuwa natafuta pa kuanzia.

Usipopokea, nitapiga tena.

Mwanao