Pini Zilizomtetea Babu Yako

Auma wangu,

Habari za Mombasa na karakana yako ya magitaa? Sisi hapa Makongeni tu wazima. Mamako amerudi kwenye kwaya, nyumba nzima inaimba. Umenunua kifaa cha kupimia sumaku za gitaa, halafu unauliza kama kweli mimi nilizipima kwa pini. Nilizipima, tena sikiliza!

Bendi ilitaka kumtoa babu yako kwa sababu uzi wa tatu wa gitaa lake ulilia kinyonge. Walisema kidole chake kimelegea. Mimi fundi cherehani, pini zikimwagika naziokota kwa sumaku. Nikazilegeza nyuzi, nikaning'iniza pini kwenye zile sumaku sita zilizo chini yake, kila moja ikinasa sauti ya uzi wake, moja baada ya nyingine. Tano zilibeba pini nne nne. Ya tatu ilishindwa hata na mbili! Nilipiga yowe mpaka majirani wakatoka nje.

Babu yako hakushangilia. Alikitazama kidole chake, akasema polepole, "Hata mimi nilikuwa nimeshawaamini."

Basi mama, ukishapima gitaa la mtu, mwambie ulichokiona kabla hajaondoka.

Nyanyako, mwenye pini mdomoni hadi leo