Gunia la Awuor

Jumamosi, 5 Oktoba
Leo tumepanda! Yadi yetu ya kupanga hapa Mabatini haitoshi hata tuta moja. Basi tumetumia gunia – udongo, samadi, kokoto katikati, matundu ubavuni. Mwanangu Mayala kachafuka hadi masikioni. Awuor, mpwa wa mume wangu, kachomeka miche ya sukuma wiki kimyakimya. Tangu mama yake afariki tukamchukua, anajibu kwa kichwa tu. Mimi nikazika matumbo ya sato humo ndani. Mbolea ya bure – sisi watu wa ziwani bwana!

Jumapili, 6 Oktoba
Mbolea gani! Asubuhi korongo wawili wameyafukua. Gunia chini, miche chali. Mimi nimeduwaa mlangoni. Aliyetoka mbio ni Awuor, mwiko mkononi, akiwatukana Kijaluo kwa sauti yake yote. Sauti! Tulicheka mpaka machozi, naye akacheka. Asante Mungu kwa ujinga wangu. Tumepanda upya.

Alhamisi, 24 Oktoba
Miche imeshika. Awuor sasa haishi kuongea, watoto wa majirani kawapangia zamu za kumwagilia, na anayemwaga ovyo anakiona. Leo kaniita mama, kisha haraka akasema anti. Nikajifanya sijasikia. Nimelia chooni, kwa furaha.

Ijumaa, 8 Novemba
Mama mkwe amefika kutoka Shirati. Shikamoo, marahaba, kisha moja kwa moja – nyumba yake imekuwa kimya mno, keshokutwa anaondoka na mjukuu wake Awuor. Mume wangu eti mama ni mama. Nami niseme nini? Mke wa mjomba tu. Tumechuma mboga za kwanza, tamu kweli. Bibi kasifu. Awuor hakula.

Jumapili, 10 Novemba
Naandika jikoni. Basi la Shirati linaondoka saa sita. Bibi kauliza, nguo za mtoto ziko wapi? Kambani. Zote! Awuor kaamka kabla yetu akazifua, hadi sare ya shule na gauni la kusafiria.

“Zitakauka,” kasema bibi.

“Ndiyo, bibi. Ila kuna mawingu.”

Mtoto huyu!

Mvua imeanza. Kubwa. Siku nyingine tone moja tu, yadi nzima inapiga kelele – anueni! Leo kimya. Mume wangu kasimama mlangoni, mikono mfukoni. Bibi anaitazama kamba, anamtazama mjukuu wake. Ameomba chai nyingine.