Bima ya Kuja Kwetu

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama,

Natumai paa limeacha kuvuja na goti lako limepoa. Mimi situlii. Begi nimelipanga, nikalipangua, nikalipanga tena, hata jirani ananicheka kwamba bibi harusi ana nafuu.

Ubalozi unasema mgeni yeyote anayekuja huko lazima awe na bima ya afya ya safari. Mgeni huyo ndiye mimi, kwa hii pasi ya huku! Basi nikaenda ofisi ya bima, na binti wa dirishani akanieleza nitakachopata: daktari, kitanda cha hospitali, na mwisho, "Mungu apishie mbali, babu, ukifariki tutausafirisha mwili mpaka nyumbani."

"Nyumbani wapi, mwanangu?"

"Si hapa hapa, babu! Kwani una kwenu kungapi?"

Nikacheka naye, nikaweka sahihi, maana bila bima hakuna viza. Lakini tangu hapo nazunguka chumbani kama kuku anayetaka kutaga.

Moyo wangu si mzima, ndugu yangu. Daktari amenieleza waziwazi, nami nimemwelewa. Nakuja tukae, tucheke, unigombeze kwa miaka yote niliyochelewa. Ila likitokea la kutokea, usiwe na haraka ya kuwapigia simu watu wa bima. Hao wataniwahi, wanirudishe huku nisikozaliwa. Nizikeni kwanza, ubavuni mwa mama. Simu itafuata.

Nisalimie wote, ila hili la moyo libaki letu.

Kaka yako